Mwenye nyumba anaingia kwangu nikiwa sipo. Nibadilishe kitasa?

Fundi wa Najja

Habari zenu ndugu zangu. Naomba mawazo, na tafadhali msiniambie "hama" tu. Kuhama na cherehani mbili, meza ya kukatia na wateja waliokwisha kuzoea njia si mchezo.

Nimepanga Najjanankumbi hapa Kampala, nyuma kidogo ya barabara ya Entebbe. Vyumba viwili, kodi 350,000 kwa mwezi, nalipa miezi mitatu mitatu na risiti ninazo zote. Chumba cha mbele ndipo nashonea, cha nyuma ndipo nalala na mwanangu. Mwenye nyumba ni mzee wa heshima zake, anakaa uani humuhumu na mkewe. Si mtu mbaya. Mwanangu aliposhikwa na malaria usiku, ni yeye aliyetoka kutafuta boda. Ndiyo maana nashindwa kuongea.

Shida ni funguo. Kila mlango wa wapangaji ana ufunguo wake wa akiba, amezitundika kwenye msumari sebuleni kwake. Nikienda sokoni Kikuubo kununua nyuzi na zipu, anaingia. Mara anaangalia kama bomba linavuja, na bomba liko nje. Mara anasoma mita ya Yaka, huu umeme wa kulipia kabla, na mita iko ukutani varandani. Wala hafichi. Jioni ananiambia mwenyewe, "Mwanangu, niliingia nikakuta dirisha wazi, nikakufungia."

Juzi niliacha kitambaa cha gomesi, lile vazi letu la heshima la wanawake, mezani, nimeshakichora kwa chaki, bado kukata mabega. Narudi nakuta kimekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, kama cha dukani. Chaki yote imefutika. Nadhani aliona anasaidia. Mteja ana kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mchumba kwao, Jumamosi, nikaanza kupima upya saa mbili usiku.

Hilo la kitambaa ningelimeza. La daftari silimezi. Nina daftari la vipimo: jina, simu, kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono. Wanawake wa watu hao. Kuna mmoja ana mimba ambayo hata kwao hawajaijua, mimi nimeijua kwa sababu kiuno hakilingani na cha mwezi jana. Daftari linakaa kwenye droo ya cherehani. Siku hiyo nililikuta juu ya meza, liko wazi. Kesho yake mzee ananiuliza huku anacheka, "Kumbe mke wa jirani yetu naye unamshonea?"

Nilijisikia vibaya kuliko angeniibia. Karatasi yetu ya mkataba ni moja tu, imetaja kodi na tarehe, ya ufunguo haikutaja. Naruhusiwa kubadilisha kitasa au nitaonekana namfukuza kwenye nyumba yake?

Boda wa Kabalagala

Dada, badilisha leo leo. Mlango ni wa kwake, sawa, lakini kodi unalipa ya nini kama anaingia kama jikoni kwake? Mimi nilipohamia nilipo sasa kitu cha kwanza kununua kilikuwa kitasa, hata godoro lilifuata nyuma. Mwenye nyumba alinuna wiki mbili, tarehe ya kodi ilipofika akaacha kununa.

Karani

Boda umemaliza haraka mno, mwenzako ana mtoto na kazi hapo.

Dada, mimi si wakili, nafanya kazi ya ukarani kwenye ofisi ya mawakili, na kesi za wapangaji nazichapa mpaka vidole vinauma. Nikupe yale ninayoyajua.

Katiba yetu ya Uganda ya 1995, ibara ya 27, inakataza mtu kuingia kwenye makazi ya mwenzake kinyume cha sheria, na inakataza kuingilia faragha ya nyumba yake, barua zake na mali yake nyingine. Haikusema lazima nyumba uwe umeijenga wewe. Ukipanga, ndiyo makazi yako. Halafu kuna Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya 2022, ile iliyofuta sheria ya kodi za nyumba ya zamani za mkoloni. Mwenye nyumba ana haki ya kuja kukagua mali yake, hilo hakuna anayebisha, lakini anakuja kwa taarifa na kwa sababu. Kukunja vitambaa haimo.

Kitu unachokiogopa nadhani ni kisasi. Basi jua hivi: kumtoa mpangaji bila amri ya mahakama ni kosa chini ya sheria hiyo ya 2022. Na hawezi kuamka akakuongezea kodi anavyotaka, kikomo ni asilimia 10 kwa mwaka. Kwa kodi yako hiyo ni 35,000. Hayo mawili yakushike mgongo unapokwenda kuongea.

Kitasa chenyewe kimefungwa kwenye mlango wake, kwa hiyo usiking'oe kimyakimya. Ongea naye, kisha mwandikie ujumbe wa WhatsApp: "Mzee, kama tulivyoongea jana, naweka kitasa changu, cha kwako nimekihifadhi." Akijibu hata "sawa" tu, umepata. Mkataba wa upangaji unaweza kuwa wa mdomo, wa maandishi, hata wa ujumbe wa simu, ingawa ukifika thamani ya 500,000 sheria inataka uandikwe. Watu wanadhani bila muhuri hakuna kitu. Si kweli.

Moja la mwisho, na usinichukie. Lile daftari. Kuna sheria ya kulinda taarifa za watu ya 2019, nayo inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitunze salama. Anayekusanya hapo ni wewe.

Mwenye Mizigo Kireka

Nisemee upande wa pili kabla hamjatunyonga wote. Nina vyumba vya kupangisha Kireka. Mpangaji wangu mmoja alikuwa anapiga pasi, umeme ukakatika, akaona amechelewa akaondoka zake. Umeme ukarudi saa nne asubuhi. Pasi ikachoma blanketi, kisha meza. Moshi unatoka chini ya mlango na mimi sina ufunguo, kwa sababu kijana alikuwa ameweka kufuli lake la Kichina kubwa kama ngumi. Tulivunja mlango kwa nyundo. Mlango nikanunua mimi.

Na kuna wanaohama usiku. Unaliona kufuli mlangoni miezi miwili, unadhani mtu yuko safarini, ndani kumebaki ndoo iliyopasuka na deni. Kwa hiyo dada, mzee kutaka ufunguo wa akiba si wazimu. Wewe una pasi, una vitambaa, una cherehani za umeme. Chumba chako kikishika moto, safu nzima imekwenda.

Lakini kufungua droo ya mwanamke na kusoma daftari, hapana. Hapo mwenzangu kavuka mpaka, na sitamtetea.

Kwangu sasa tunafanya hivi. Mpangaji anaweka kitasa anachotaka. Ufunguo mmoja anautia kwenye bahasha, anaifunga kwa gundi, anasaini juu ya mkunjo, na mimi nasaini. Bahasha nakaa nayo mimi. Siku nikiichana lazima nimpigie simu papo hapo na niingie na jirani mmoja. Mpangaji akitaka kuiona bahasha, hata leo usiku, namwonyesha. Gharama yake ni bahasha.

Mama Walukuba

Mwanangu, hawa wanaume wamekupa vifungu na bahasha, vyote vizuri. Lakini mzee wa Kiganda ukimwendea na ibara ya 27 asubuhi na mapema, ataona umemshitaki kabla hujamsalimia. Piga goti, msalimie, mshukuru kwa ile siku ya mtoto. Halafu pitia kwa mkewe. Je, huyo mama hujawahi kumshonea?

Fundi wa Najja

Mama Walukuba, umejuaje? Nimemshonea gomesi mbili. Vipimo vyake vimo humohumo kwenye daftari, ukurasa wa pili kutoka mwanzo.

Mama Walukuba

Basi kazi imekwisha. Mwambie mama tu kwamba mzee amefungua daftari na kwamba vipimo vyake vimo. Usiongeze neno.

Boda wa Kabalagala

😂😂 Mzee hatalala sebuleni kweli?

Karani

Ukikwama kote huko ndipo uende kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa. Nenda na risiti zako za kodi, na uandike tarehe alizoingia na alichokuambia kila siku. Wenyeviti wengi wanapenda kupatanisha, lakini mtu akija mikono mitupu wanamwambia "nendeni mkaongee."

Fundi wa Najja

Ndugu zangu nimewasoma wote. Boda, ukali wako nimeupenda, ila nitauacha kwako.

Karani, lile la 2019 liliniuma kwa sababu ni kweli, daftari nimelihamishia kwenye mkoba, naenda nalo mpaka sokoni. Ila nikuambie kitu. Hata nikilifungia benki, bado sitaki mtu asimame katikati ya chumba changu nikiwa Kikuubo. Kitanda changu kiko hatua nne kutoka kwenye ile meza. Kuna nguo zangu nimeanika ndani kwa sababu sitaki kuzianika nje. Hizo nazo ameziona.

Mwenye Mizigo, la pasi limenifikisha mbali, maana ya kwangu nayo huwa naisahau umeme ukikatika. Bahasha naichukua. Leo jioni nakwenda kwa mama kwanza, kumpelekea kitambaa achague kola, na hapo nitaanzia. Mzee nitamkuta kesho baada ya kodi, nikiwa nimeshampa pesa mkononi. Nitamwambia: mzee, ukitaka kuingia, nipigie, nikiwa karibu nakuja, nikiwa mbali ingia na mama. Droo usiguse.

Swali dogo: kitasa kipya nanunua mimi au yeye? Fundi wa milango hapa ananiambia 60,000 pamoja na kazi.

Mwenye Mizigo Kireka

Nunua wewe, na siku ukihama ondoka nacho, umrudishie cha kwake. Kikiwa cha pesa yake, atadai ufunguo wake. Na huyo fundi mshushe, 60,000 ni bei ya Kololo kwa matajiri.