Mgombea alipokuja kufuturu nanyi, mlimuuliza nini? Tupeane uzoefu, watu wa Mwanza na wa mialo ya wavuvi

Mjukuu wa Karani

Assalaam alaykum, na habari zenu wote wa Kanda ya Ziwa.

Naanza na yangu. Ramadhani ya 2010 iliangukia katikati ya kampeni, mnakumbuka, Agosti na Septemba. Msikiti wetu uko mlimani, kata siitaji, na jioni zile tulikula tende mpaka watoto wakazichoka. Leo chama hiki, kesho kile, kila mgombea na kanzu mpya ambayo bado ina mikunjo ya dukani.

Mmoja wa udiwani akaahidi mambo mawili: maji yapande mpaka kwetu, na eneo la makaburi lipimwe lipate hati, maana watu walishaanza kuchimba misingi pembeni mwa wafu wetu. Takbir zikapigwa. Babu yangu, karani mstaafu na mhazini wa msikiti, hakupiga takbir. Akatoa daftari la sadaka, akafungua ukurasa wa mwisho, akaandika ahadi zote mbili na tarehe, akamsogezea kalamu. Jamaa akacheka, akatia saini.

Alishinda. Ramadhani ya 2015, Julai, amerudi kutia nia tena, sukari magunia matatu. Babu akamwacha afuturu, akaswali, akanywa uji. Kisha akamsomea ukurasa wake. Maji yalikuwa yamefika nusu ya mlima, kwenye nyumba ya kulala wageni. Makaburi hayajapimwa. Jamaa akaanza "mchakato unaendelea", babu akamkatiza kwa upole: "Mwanangu, sikuuliza mchakato. Nimeuliza hati."

Kamati ilimnunia babu wiki nzima. Eti kamvunjia mgeni heshima. Wenzangu, kwenu ilikuwaje?

Bint Igogo

Wa alaykum salaam. Babu apewe maua yake.

Sisi kina mama tulikuwa na kikundi cha kukaanga samaki. Mikopo ya halmashauri tulikuwa tunaipita mbali kwa sababu ya riba. 2015 nikanyoosha mkono kwenye mkutano, nikamuuliza mgombea atafanya nini kwa watu ambao riba kwao ni haramu. Akasema hayo ni mambo ya dini, nikaongee na shehe. Watu wakacheka, nikakaa chini.

2018 sheria ikabadilika. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani 4 wanawake, 4 vijana na 2 wenye ulemavu, ikawa inakopeshwa bila riba. Kwa wote, si kwa Waislamu tu. Basi 2020 akaja yuleyule, kajitanda skafu ya kijani: "Kina mama wa Kiislamu, riba nimewaondolea!" Nikasimama tena. Nikamwambia ahsante, sasa tutajie vikundi vya kata hii vilivyopata, hata vitatu. Hakuwa na hata kimoja. Safari hii hakucheka mtu.

Na 2023 mikopo iliposimamishwa, hatukumwona hata kwenye msiba.

Taa ya Dagaa

Mwangaluka. Sisi wa dagaa mwezi wa Kiislamu tunaujua kuliko imamu. Tarehe 13, 14 na 15 mbalamwezi imejaa, dagaa hawaifuati taa, mitumbwi inalala nchi kavu. Wenye kufunga siku nyeupe wanafunga, wengine wanashona nyavu. Wapambe wanazijua siku hizo! Hawaji giza likiwa totoro, wanajua hakuna mtu mwaloni.

Tulimuuliza mmoja choo. Mwalo mzima, wanawake wanaoanika dagaa kutwa, choo kimoja tena cha kulipia. Mtu anatawadha kwa maji ya ziwa hatua ishirini kutoka pale watu wanapojisaidia. Akatupa bahasha. Tukaigawana, siwafichi. Choo mpaka leo kimoja.

Mtu wa Nansio

Kwetu visiwani tulishaacha kuuliza mambo ya kapeti za msikiti. MV Nyerere ilipinduka 20 Septemba 2018, Ukara inaonekana kwa macho. Kivuko cha watu 101, tukazika zaidi ya 220. Maiti hazikuulizwa dhehebu.

Uchaguzi uliofuata, mgombea kaja baada ya swala ya Ijumaa, nje ya uzio. (Ndani imamu wetu haruhusu kampeni, na yuko sahihi.) Kijana akamuuliza: abiria wanahesabiwa na nani, na akizidi mmoja nani anamshusha? Mgombea: "Tumwombe Mungu atuepushe." Imamu akamjibu palepale: "Dua tunasoma sisi. Wewe umeulizwa hesabu."

Kobe wa Ilemela

Mimi nitawaudhi. Tatizo ni sisi. Ilani ya CCM ya 2005 iligusa suala la Mahakama ya Kadhi, kwamba litapatiwa ufumbuzi. Tangu hapo kila uchaguzi nasikia mtu anamuuliza *diwani* Mahakama ya Kadhi! Diwani ataitoa wapi? Anaitikia "inshallah" kwa sauti nene, tunaridhika, anapanda gari. Hilo ni la mbunge na la chama chake. Diwani muulize taka na mitaro, mbunge muulize pia Mfuko wa Jimbo, zile fedha za miradi ya jimboni, maana kamati yake anaiongoza yeye mwenyewe.

Bint Igogo

@Kobe wa Ilemela hujaniudhi, umenichoma tu. Mimi mwenyewe nilishamuuliza mwenyekiti wa mtaa.

Jirani Mkatoliki

Naruhusiwa? Mimi nasali parokiani lakini naishi mlima uleule wa mleta mada, nadhani namjua hata huyo babu. Lile bomba lililoishia gesti, na kwetu kanisani aliahidi hilohilo, Jumapili ya kesho yake. Sisi tulipiga makofi. Daftari hatukuwa nalo.

Mjukuu wa Karani

Karibu sana jirani, ni huyohuyo.

Mmeniuliza faraghani kama daftari bado lipo. Lipo. Babu alifariki 2019, nalitunza mimi. Makaburi yalipimwa baadaye, baada ya waumini kuchanga wenyewe na kufuatilia ofisi ya ardhi miezi kumi na moja. Ada tulilipa sisi, diwani alikuja kupiga picha.

2020 nilimsogezea mgombea mpya ukurasa kama babu alivyofanya. Akasoma saini ya mwenzake wa 2010, akasoma tarehe, akaifunika kalamu. Akasema atarudi na mwanasheria wake.

Ukurasa ule bado mweupe.