Kifua cha mzee: makohozi kwanza au twende siti skani moja kwa moja?

Bint Mkomani: Asalam aleikum wenzangu. Babangu yuwakohoa wiki ya nne sasa, usiku atoka jasho mpaka shuka laloa, na ubavu wa kulia wamchoma akivuta pumzi. Hapa Amu (Lamu) tumepiga eksirei, daktari kaona kivuli chini kulia, ataka makohozi. Ami yangu wa Mombasa kashikilia siti skani tusipoteze wakati. Mwaonaje?

Wa Langoni: Siti bwana! Eksirei kivuli tu, siti yaonyesha kifua kipande kwa kipande. Pesa zikiwepo boti la Mokowe alfajiri, basi, jioni mko Mombasa.

Mtu wa Maabara: Pole pole ndugu yangu. Siti yakuonyesha kitu kiko wapi na ukubwa wake, haikwambii ni mdudu gani, na siti moja ya kifua mionzi yake ni kama eksirei makumi. Makohozi kwa GeneXpert ndo yasemayo TB ipo ama haipo, mashine yatoa jibu kama masaa 2 na papo hapo yaonyesha kama mdudu kashakuwa sugu kwa rifampisini, ile dawa kuu ya TB, tena hospitali ya serikali hulipi. Ila mzee asukutue kwa maji, akohoe kutoka ndani kabisa asubuhi kabla ya chai, maana wengi watuletea mate kwa kikopo kisha walalamika mashine mbovu 😀

Mama Shela: Na hicho kichomi mbona hamkisemi? Mamangu huku Malindi makohozi yalitoka safi kumbe maji yamejaa nje ya pafu. Wakamwangalia kwa altrasaundi, wakamkalisha kainamia meza yenye mto, ganzi, sindano ikapita mgongoni juu ya mfupa wa ubavu, maji ya manjano hayo yatoka tu! Jioni pumzi imerudi.

Mtu wa Maabara: Kweli mama. TB ikikaa kwenye utando wa pafu makohozi mara nyingi hayana kitu, hata hayo maji GeneXpert huikosa sana, so daktari huangalia protini na aina ya seli, akishindwa akata kinyama cha utando. Siti na ile kamera ya kupitisha kooni ndo zamu yake hapo, hasa wakishuku kansa. Mzee avuta sigara?

Bint Mkomani: Avuta tangu ujana wake.

Mtu wa Maabara: Basi hilo daktari alijue mapema. Na akianza kutema damu ama kuhema akiwa amekaa, msingoje majibu, mpelekeni saa hiyo hiyo.

Bint Mkomani: Shukran. Kesho makohozi, na altrasaundi nitaiuliza hapo hapo hospitali ya King Fahd. Kumgeuza ami ndo kazi, nauli ashatuma.