Jimny au Prado 120: gari moja la kwenda kazini Arusha na kufika Natron

Mama wa Usa River anauliza:

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu kabla hatujatuma fedha. Ninaishi Usa River na kila siku ninakwenda kazini Arusha mjini. Njia yangu yote ni lami isipokuwa kilomita tatu za mwisho kuelekea nyumbani, ambazo wakati wa masika hugeuka tope jeusi linaloziba kashata za tairi mpaka gari linateleza kama sabuni. Karibu kila mwezi mimi, mume wangu na watoto wetu wawili hupakia hema na maji tukaenda Ziwa Natron kupitia Mto wa Mbu na Engaruka, na mara moja moja tunapanda Lushoto hadi Mtae.

Novemba iliyopita gari letu dogo la kawaida lilizama katika mchanga wa korongo kabla ya kufika Engare Sero, kijiji kilicho karibu na Natron. Tulikaa pale saa tano, watoto wakiwa chini ya kivuli cha kanga niliyoifunga mlangoni, hadi vijana waliokuwa wakichunga mbuzi walipotusaidia kulisukuma. Sitaki kuyarudia hayo nikiwa na watoto.

Fedha tuliyonayo inatosha kuagiza kutoka Japani Suzuki Jimny ya 2019 yenye injini ya lita 1.5, au Toyota Prado 120 ya 2008 yenye injini ya petroli ya lita 2.7. Mume wangu anataka Jimny kwa sababu ni jipya zaidi. Mimi bado sijaamua.

Dereva wa Kaskazini anajibu:

Pole sana dada kwa yaliyowapata. Nimeendesha wageni katika njia hiyo kwa miaka mingi, na ningependa kwanza tutenganishe mambo mawili ambayo watu huyachanganya, yaani uwezo wa gari kupita mahali pabaya na uwezo wake wa kuwafikisha watu wakiwa wazima.

Kwa kupita, Jimny halina la kuonewa aibu. Lina chesisi ya ngazi, yaani fremu ya chuma chini ya bodi, ekseli nzima (mhimili mmoja unaounganisha tairi ya kushoto na ya kulia) mbele na nyuma, na gia nzito za kupandia milima, na kwa kuwa lina uzito wa kilo 1,100 hivi, huelea juu ya mchanga ambao Prado lenye karibu tani mbili huuchimba. Lakini kutoka Mto wa Mbu hadi Engare Sero mchanga ni sehemu ndogo tu ya safari. Sehemu kubwa ni vijituta vya mfululizo vinavyotikisa gari saa nzima bila kupumzika, na hapo ndipo urefu wa gari unapohesabika. Kati ya ekseli za Jimny la milango mitatu pana milimita 2,250, na kati ya zile za Prado 120 pana milimita 2,790. Gari fupi lenye ekseli nzima mbele hurukaruka na kuvuta mkia pembeni, kwa hiyo dereva hulazimika kushika usukani kwa mikono miwili na kupunguza mwendo. Gari refu hutulia, na mtoto anaweza hata kulala.

Jambo la pili ni lami yako ya kila siku. Prado 120 huendesha tairi zote nne wakati wote, kwa sababu lina difu ya kati inayoruhusu ekseli mbili kuzunguka kwa kasi tofauti, na ukifika kwenye lile tope la nyumbani unaifunga. Jimny halina difu hiyo. Ukiliweka kwenye tairi nne juu ya lami kavu, mfumo hujikaza na kuumia, hivyo mvua ikinyesha vipandevipande barabarani utakuwa ukibadilisha mara kwa mara.

Mimi ningechukua Prado. Mafuta litakula zaidi, hilo halina ubishi.

Mpanda Usambara anajibu:

Ninamheshimu kaka aliyetangulia, ila naona ameizungumzia Natron na kuisahau Lushoto. Ninamiliki Jimny la aina hiyo hiyo, na nimepita nalo njia za vijijini juu ya Mlalo ambako ukuta wa udongo uko upande mmoja na shamba la kabichi liko chini upande wa pili. Upana wake ni milimita 1,645. Siku moja tulipishana na lori la mboga kwenye kona, nikaingiza tairi mbili katika mfereji, lori likapita, nami nikatoka kwa gia nzito bila msaada wa mtu. Kwa gari pana ningelazimika kurudi nyuma mpaka nipate nafasi, na hapo palikuwa na ukungu.

Kuhusu mchanga, naomba mjifunze kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia korongoni, wala si baada ya kuzama. Mimi hushusha hadi 18 kwa kipimo cha psi, na tairi inayotanuka hivyo haichimbi. Chukueni na pampu ndogo ya kurudishia upepo mkifika kwenye changarawe, kwa sababu tairi laini kwenye mawe hupasuka ubavuni. Ushauri huu unafaa kwa gari lolote mtakalochagua.

Lakini lazima niseme kweli: sisi husafiri wawili tu, na kiti cha nyuma huwa kimelazwa. Kikisimama, nafasi ya mizigo nyuma yake ni lita 85 tu, yaani mabegi mawili ya shule na koti. Kwa familia yenu, hema litakwenda juu ya paa, na gari fupi na jembamba lenye mzigo juu halipendi mteremko wa pembeni. Kama mnalipenda Jimny kwa dhati, liko la milango mitano lililozinduliwa India mwaka 2023, ambalo limeongezwa milimita 340 kati ya ekseli.

Fundi wa Gereji anajibu:

Mama, wenzangu wameeleza vizuri, nami nitaongeza mambo ya chini ya gari. Watu husahau kwamba abiria na dereva nao ni mzigo. Jimny hubeba kilo zipatazo 300, watu wakiwa ndani ya hesabu. Pimeni kila kitu nyumbani kabla ya kubishana.

Kuhusu Prado la 2008, injini ya 2.7 hutumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, na spea zake zipo Arusha, kwa hiyo hainitishi. Kinachonitisha ni chesisi. Magari yaliyotumika katika mikoa ya Japani yenye theluji hupita juu ya chumvi inayomwagwa barabarani, na chumvi hiyo hula chuma kuanzia ndani ya fremu, hasa karibu na ekseli ya nyuma, huku bodi ikiwa inang'aa. Omba picha za chini ya gari zilizopigwa kwa karibu, na ukiona rangi nyeusi mpya imepakwa kote, uliza imefunika nini. Likishafika, funga difu ya kati kwenye barabara ya udongo walau mara moja kwa mwezi. Nimepokea magari kadhaa ambayo kitufe hicho hakikuguswa kwa miaka, na siku kilipohitajika taa kwenye dashibodi ilibaki ikiwakawaka kwa sababu mota ya kufungia ilikuwa imeganda.

Msisahau pia kwamba injini inayozidi sentimita za ujazo 2,000, yaani lita 2, hutozwa ushuru wa bidhaa mkubwa zaidi, na gari lenye umri unaozidi miaka minane huongezewa ushuru wa uchakavu. Pigeni hesabu ya bei ya bandarini pamoja na hayo yote.

Mama wa Usa River:

Asanteni sana, ndugu zangu. Jana jioni tulikopa mizani ya jirani anayeuza mahindi, tukapima kila kitu barazani. Sisi wanne tuna kilo 190. Maji yalikuwa 60, hema na magodoro 34, jiko na mtungi wa gesi 19, chakula na vyombo 27. Jumla ni kilo 330, na hatujaweka pampu wala koleo. Mume wangu aliirudia hesabu mara mbili, kisha akakubali tuchukue Prado. Tumekwisha kukokotoa ushuru wote na bado fedha inatosha, ila tumemwandikia muuzaji kwamba hatulipi chochote kabla ya kupata picha za fremu karibu na ekseli ya nyuma. Fundi, zikifika nitaziweka hapa uzitazame.