Fosfeti ya mwilini ni uzima, ya dawa ya mikorosho ni sumu, kwa nini?

binti_newala: Wakuu habari zenu, niko kidato cha sita hapa Newala. Nimesoma seli zinapeana taarifa kwa kubandika fosfeti (kikundi cha fosforasi na oksijeni) kwenye protini, hapo sawa. Sasa juzi watu wanapulizia dawa ya mbu wa mikorosho, bwana shamba akasema dawa za jamii ya oganofosfeti nazo zinabandika fosfeti kwenye protini ya mishipa ya fahamu, ndo maana mtu anatokwa mate na jasho, mboni zinasinyaa. Mbona kitu kilekile huku kinajenga kule kinaua?

fundi_maabara: Swali zuri sana mdogo wangu. Tofauti iko kwenye kubandua. Kwenye seli kuna vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za mwili) vinaitwa kinasi, binadamu tunazo zaidi ya 500, zinachukua fosfeti toka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, zinaibandika kwenye serini, threonini au tairosini, yaani baadhi ya asidi amino zinazojenga protini, fosfeti ina chaji hasi kwa hiyo protini inabadilika umbo, iliyolala inaamka na nyingine inazimwa. Halafu vinakuja vimeng'enya vingine, fosfatasi, vinaibandua, taarifa inaisha. Watu wanakariri kinasi tu wanasahau hizi! Wanasayansi Fischer na Krebs waliligundua hili miaka ya 1950 kwenye kimeng'enya kinachovunja glaikojeni, akiba ya sukari ya misuli, wakapata Nobel 1992. Ukikuta nyoka shambani adrenalini inapanda, kinasi inaamsha kinasi nyingine mpaka glukosi inamwagika kwenye damu, ukitulia fosfatasi zinarudisha kila kitu.

nesi_tandahimba: Niongezee hapo kaka. Ile dawa inakamata serini ya kimeng'enya kinachoitwa asetilikolinesterasi, palepale kinapofanyia kazi. Hiki ndo kinavunja asetilikolini, kemikali inayobeba taarifa, baada ya mshipa wa fahamu kuufikishia msuli taarifa, sasa kikizibwa asetilikolini inarundikana, msuli unaambiwa kaza, kaza, kaza, hadi misuli ya kupumulia inachoka. Na fosfatasi zetu haziitoi hiyo. Dawa ya hospitali inayoitwa atropini inakausha mate na kufungua kifua ila haibandui kitu, inayobandua ni dawa nyingine, pralidoksimu, nayo ikichelewa kile kifungo kinakomaa hakitoki tena, inabidi mwili utengeneze kimeng'enya kipya.

binti_newala: Asante dada, nimeelewa kabisa. Na salfa je? Baba anapulizia bila barakoa.

nesi_tandahimba: Salfa ya ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, sio jamii hiyo, inawasha macho na kifua, avae barakoa tu jamani. Ila akipulizia ya wadudu ukaona mate, jasho, misuli inachezacheza, vaa glovu umvue nguo, muogeshe maji na sabuni, mkimbize hospitali na chupa mwende nayo ili daktari asome lebo.