Tupeane uzoefu: Mti wa majani ya zambarau kwenye joto la Pwani

Wapenda bustani, kuna aliyewahi kuotesha Forest Pansy, ule mti wa Marekani wenye majani ya zambarau yenye umbo la moyo? Kitaalamu ni Cercis canadensis.

Niko Malindi, upande wa Casuarina. Shemeji aliniletea mbegu kumi. Nilizifukia kama kunde, zikanyamaza miezi miwili. Kumbe ganda lake ni gumu: sharti ulimwagie maji moto, kisha mbegu ilale kwenye mchanga mbichi ndani ya friji miezi miwili au mitatu, idhani iko kwao. Nikaagiza nyingine. Mke wangu alipoona kopo la mchanga kando ya maziwa alinitazama tu, hakuuliza. Zikaota tatu, zote kijani! Mbegu zake hazirithi rangi kila mara, ndiyo maana miche ya dukani huwa ya kubebesha, yaani kijiti cha mti wa zambarau huungwa kwenye shina la mche mwingine. Mmoja umebaki, miaka mitatu sasa, unanifika kiunoni. Ua sijaliona.

*Wa Shela:*
Pole. Mimi nilipewa mche wenyewe, zambarau kwelikweli, nikauweka kwenye chungu uani. Majirani walikuwa wakija kuutazama. Ilipoingia kaskazi majani yakaungua kingo, rangi ikageuka kijani kibovu. Hilo la rangi hata kwao hutokea jua likiwa kali. Kilichouua ni maji yangu ya kisima, yana chumvi. Nilipokumbuka maji ya mvua ya birikani, kijiti kilishakauka.

*Mzee wa Lamu mjini:*
Wanangu, mti huo hulala. Kwao hupukutisha majani, ukapigwa na baridi wee, ndipo maua ya waridi yatoke kwenye matawi matupu, mengine hata shinani. Hapa usiku wa Julai mnalala bila shuka, utalala vipi huo? Mimi nilipanda Bauhinia, jamaa yake wa karibu, jani kama wayo wa ngamia. Wa kwanza uliliwa na punda wa watu. Wa pili ndio ninaokalia kivuli chake nikiandika haya.

*Mwanzisha mada:*
Shikamoo mzee. Basi huu wangu naupeleka Limuru kwa dada, huko Julai watu huvaa makoti. Shimo nimeliacha wazi. Mbegu za Bauhinia ukinipa, nitakuja kuzichukua mwenyewe. Hapa kwangu punda hakuna, ila mbuzi wa jirani simwamini.