Ushauri: fizi zinatoa damu, naogopa kukwanguliwa ugaga meno yasije kulegea

Kijana wa Usa River: Wakuu, nikipiga mswaki fizi zinatoa damu, na nyuma ya meno ya mbele ya chini kuna kitu kigumu cha njano. Nimeambiwa nikasafishwe, ila watu wanasema ugaga ukishakwanguliwa meno yanalegea. Kwa sasa nasugua na chumvi na unga wa mkaa. Niendelee?

Mama Junia: Usa River ya Arusha? Kama una madoa ya kahawia tangu utotoni, hayo ni floraidi ya maji ya huko. Yako ndani ya jino, hayatoki kwa mkaa. Na msichemshe maji mkidhani inapungua; maji yakikauka sufuriani floraidi inazidi kukolea.

Kijana wa Usa River: Asante mama, ila sikuulizia madoa.

Fundi Kinywa: Jino linashikwa na mfupa, si ugaga. Ukoga laini usipotolewa, madini ya mate huugandisha ukawa ugaga, ndiyo maana unaanzia hapo: mate yanatokea chini ya ulimi. Ukishuka chini ya fizi, mfupa unaliwa. Jino linalocheza baada ya kusafishwa lilishalegea kabla. Mkaa acha, unakwaruza jino. Je, meno yanacheza? Unatumia dawa yoyote?

Kijana wa Usa River: Mawili yanacheza kidogo. Nimeshanunua amoksilini, dawa ya kuua bakteria, nimalize dozi kwanza. Kliniki mwezi ujao, pesa ikipatikana.

Chui Mweupe: Umeulizwa dawa unazotumia siku zote. Mbona unakwepa?

Kijana wa Usa River: Nina sukari, mwaka wa nne, natumia metformini. Sikuona inahusianaje na meno.

Fundi Kinywa: Ungeanza na hilo! Sukari ikipanda fizi zinashindwa kupigana na vijidudu, na fizi zilizovimba zinafanya sukari igome kushuka. Amoksilini haiondoi ugaga. Daktari ataingiza kijiti chenye alama za milimita kati ya fizi na jino: 1 hadi 3 ni sawa, 4 kwenda juu ni mfuko, yaani fizi imeachana na jino, unasafishwa hadi ndani, kwa ganzi ikibidi. Nenda asubuhi ukiwa umekula na kumeza dawa yako, ubebe daftari la sukari. Baada ya hapo rudi kila miezi 3 au 4. Ile miezi 6 ni ya wasio na tatizo.

Chui Mweupe: Hii chai. Mkaa umetangulia, kisukari kimeletwa baada ya kubanwa. Kesho tutaona namba ya kuagiza unga wa mkaa.

Mama Junia: Hata kama katunga, wenye sukari humu ni wengi. Majibu yabaki.

Kijana wa Usa River: Siuzi kitu. Leo kabla ya kula sukari imesoma 11.2 mmol/L, iko juu. Nilificha kwa sababu mke wangu anasoma humu, na hajui kwamba naruka dozi.

Fundi Kinywa: Basi usingoje mwezi ujao. Kliniki ya sukari wiki hii, ya meno wiki hii hii. Mswaki usiache kwa kuogopa damu: brashi laini, uiinamishe kuelekea fizini, dakika 2 asubuhi na usiku. Na mkeo mwambie leo, kabla hajafika kwenye huu uzi.