Naomba ushauri: M4 ya easofti inatoa gololi mbili kwa mpigo

Habari wakuu. Nina M4 ya easofti (bunduki ya kuchezea inayorusha gololi za plastiki) ya umeme, bodi ya plastiki, ile ya bei chee, kwa ajili ya filamu fupi. Nikifyatua, gololi mbili hutoka pamoja na kudondoka mita chache mbele. Natumia za mm 6, gramu 0.20.

Nimesafisha mtutu, nimebadili magazini, nimekaza hop-up (sehemu yenye raba inayoizungusha gololi) kidogo (ikiwa sifuri gololi huteleza mtutuni), bado. Raba ya hop-up imevimba na inanata. Iliwahi kupakwa mafuta ya cherehani, na mafuta hayo huharibu raba.

Nibadili raba tu, au na nozeli (kibomba kinachosukuma gololi mtutuni)? Na kurekodi mitaani Kinondoni, ncha ya chungwa (ya kuonyesha ni ya kuchezea) ikiwepo, tuanzie polisi au Bodi ya Filamu?